Cheti Ndani ya Beseni

Wifi mtu alipekua sanduku lake mara mbili. Mara ya tatu alilipindua kabisa, nguo, viatu na kila kilichokuwamo, vikamwagika sakafuni.

"Nani kachukua bahasha yangu ya kaki?"

Mama yake alikuwa sebuleni, kwenye cherehani, anapinda sketi ya shule. Zamani, kilipokuwa kinazunguka, kabati la vyombo lililo nyuma yake lilikuwa linagongagonga na vikombe vinaimba, lakini wiki hizi za karibuni lilikuwa limetulia na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kaka yake, fundi umeme, alikuwa anatafuta soksi ya pili. Mke wa kaka alikuwa uani anaanua karatasi kwenye kamba ya nguo, kila moja imebanwa kwa vibanio viwili kama kitambaa cha mtoto.

Huyu mke wa kaka, nyumba nzima ilimwita Msanii. Hakulichagua jina hilo. Alipewa na mama mkwe wake mwezi wa kwanza wa ndoa, siku alipomkuta jikoni anasaga magazeti kwenye blenda ya matunda. "Mwanangu kaoa msanii," mama alisema. "Leo tutakunywa juisi ya habari." Wageni waliokuwapo walicheka, na jina likaganda.

Kazini alikuwa mbunifu kwenye duka la uchapaji. Alipanga mabango, mialiko na orodha za bei. Hakusomea. Aliingia pale kufagia, akawa anatazama mabegani mwa watu, mpaka siku moja aliyekuwa anakaa kwenye kompyuta hakuja na bosi akasema, "Wewe si unatazamaga? Haya, kaa." Hajasimama tangu siku hiyo. Lakini kazi ya dukani ilikuwa ya macho na kidole kimoja. Mikono ilibaki na njaa, na ndiyo maana kila Jumapili alikuwa uani na beseni lake. Aliloweka makaratasi makuukuu, akayasaga yakawa uji, akauchota uji kwa fremu ya mbao yenye wavu, akakausha, akatengeneza kadi.

"Wifi." Sauti ya wifi mtu ilitoka dirishani, imepungua nguvu. "Yale makaratasi yangu ya shule niliyokupa mwezi uliopita. Uliyapitia kabla ya kuyaloweka?"

"Si ulisema nichukue yote?"

"Yote ndiyo. Lakini kulikuwa na bahasha ya kaki katikati ya daftari la kuchorea. Nilikiweka humo kisikunjike."

"Kisikunjike nini?"

Wifi mtu alikuwa ameshaanza kulia, na Msanii akabaki ameshika karatasi mbichi mkononi, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Aliikumbuka bahasha. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja nzito, nzuri, yenye pambizo la majani ya kijani. Aliisugua kwa dole gumba akasema moyoni, hii itatoa rangi. Kisha akaichana.

Cherehani kilinyamaza.

"Kiko wapi cheti cha mwanangu?" Mama aliuliza, bila kugeuka.

"Nimekisaga, mama."

Habari ya cheti ilikuwa hivi. Wifi mtu alikuwa amekaa nyumbani miaka mitatu akituma barua za maombi. Jumamosi iliyopita hospitali ilimpigia simu: nafasi ya karani wa stoo ya dawa ni yake, alete cheti halisi kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asipoleta, watamwita anayemfuata kwenye orodha. Jumapili nyumba nzima ilikuwa imeshangilia. Sasa ilikuwa Jumatatu.

"Lakini mke wangu," fundi umeme alisema, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, "kimeandikwa cheti. Herufi kubwa namna ile! Hukusoma?"

"Sikusoma. Nilitazama."

"Kuna tofauti gani?"

Angemweleza vipi? Dukani walichapa vyeti kwa mamia: vya semina, vya michezo, vya mafunzo ya siku mbili. Pambizo lile lile la majani alikuwa amelipanga mwenyewe mara nyingi, na vilivyoharibika alikuja navyo nyumbani kusaga. Kwa macho yake cheti kilikuwa karatasi nzito na pambizo la kijani, basi. Cheti cha kweli cha kumaliza shule alikuwa hajawahi kukishika. Yeye shule aliiacha darasa la tano.

Mama aligeuka sasa. Alivua miwani, akaifuta kwa sketi ya mtoto wa watu.

"Nimeshona kaptura za shule miaka kumi na minne kwa ajili ya karatasi hiyo," alisema taratibu. "Vidole hivi vimechomwa na sindano mpaka havisikii tena. Lakini nakulaumu bure. Mtu asiye na cheti atajuaje thamani ya cheti?"

Fundi umeme alisema, "Mama, basi."

"Nimesema uongo?"

Msanii alirudi uani. Alimalizia kuanua karatasi, moja moja, akazipanga vizuri kana kwamba bado kuna mtu anazihitaji.

*

Jumanne mawifi wawili walikwenda kwenye ofisi ya mitihani. Walipanga foleni tangu kulipokucha, na walipofika dirishani karani alikuwa anakula muhogo wa kukaanga juu ya jalada.

"Kimepoteaje?"

Wifi mtu alimtazama Msanii. Msanii alitazama miguu yake. Alikuwa mtu wa kuzungumza na karatasi. Mbele ya dirisha lenye kioo sauti yake ilijificha.

"Kimesagwa," alisema hatimaye.

"Kimefanywaje?"

"Kimesagwa. Kwenye blenda."

Karani alimeza. Kisha akamwita mwenzake wa meza ya pili. "Njoo usikie. Nimewahi kuletewa kilicholiwa na panya, kilichoungua na kilichochanwa na mume. Huyu kakinywa!" Foleni yote nyuma yao ilicheka. Mzee mmoja akauliza kama waliweka sukari.

"Haya, nipeni namba ya cheti," karani alisema, bado anatabasamu.

Wifi mtu hakuikumbuka. Shule yake ilikuwa imeshaunganishwa na nyingine na vitabu vyake viko kwenye maghala. Nakala ya kivuli hakuwahi kutoa. Alikuwa anatunza kile kimoja kama yai.

"Bila namba, dada yangu, ni kama kuniambia nikutafutie mtu sokoni amevaa viatu. Andika barua. Miezi sita, minane. Anayefuata!"

Njiani kurudi wifi mtu alitembea mbele. Walipofika kwenye kona ya nyumbani alisimama. "Sijakuchukia, wifi," alisema. "Mimi ndiye niliyekiweka kwenye daftari la kuchorea. Lakini usinisemeshe kwanza. Nikikusikia tu sauti nasikia blenda."

*

Jioni hiyo fundi umeme alirudi na bahasha aliyoificha chini ya shati. Ndani mlikuwa na cheti cha rafiki yake wa kazini, aliyemaliza mwaka mmoja na wifi mtu. Alikiweka mezani, mbele ya mkewe, akakinyoosha kwa viganja.

"Unaweza?"

Msanii alielewa bila kuambiwa. Alimtazama mama mkwe wake, akitegemea kwamba yeye atakataa. Mama alikuwa anaitazama karatasi.

"Siku zote tunakuita msanii kwa mzaha," mama alisema. Sauti yake ilikuwa laini, haikuwa na mwiba, na hilo lilimtisha Msanii kuliko matusi. "Leo tukuite kwa kweli. Si cha wizi. Mtoto alisoma, alifaulu, sote tunajua. Unarudisha tu kilichokuwapo."

"Wakigundua, mama?"

"Watagunduaje? Mimi sijui kushona kaptura ya mwaka wowote? Nikikushonea leo ya mwaka ule, nani atajua?"

"Na wewe, wifi?" Msanii aliuliza.

Wifi mtu alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, anang'ata kucha. "Mimi nataka kazi," alisema. "Sijui kingine."

Msanii hakuwa na uso wa kukataa. Aliyemwaga maji ndiye huambiwa ashike tambara. Jumatano, saa ya chakula, bosi alipotoka, alilifungua pambizo lake la majani kwenye kompyuta, akalirekebisha mpaka likafanana na la kweli, akachapa nakala mbili kwenye karatasi nzito. Mbili, kwa sababu ndivyo alivyozoea katika kazi zake zote: moja ya kufanya, moja ya kukosea. Aliaga kwamba anaumwa kichwa, na hakusema uongo.

Nyumbani alijifungia chumbani. Alianza na ile ya kukosea, kupimia kalamu. Maneno yalimtoka vizuri. Alipofika kwenye mstari wa jina alisimama kidogo, kisha akaandika jina lake mwenyewe.

Alilitazama. Lilikaa pale kati ya majani ya kijani, limenyooka, kama la mtu aliyevaa sare iliyopigwa pasi. *Amehitimu.* Alisoma mara tatu. Mwalimu wake wa darasa la tano alikuwa anasifu mwandiko wake, na siku aliyoacha shule aliandika ubaoni salamu kwa wenzake, halafu akaifuta mwenyewe ili isiwe tabu. Hakujua alikaa muda gani. Alishtuka pale mama mkwe alipogonga mlango akasema kwa upole, "Chai, mwanangu." Alikuwa hajawahi kuitwa mwanangu katika nyumba ile. Aliisukuma karatasi chini ya godoro, akafungua.

Alipobaki peke yake alichukua nakala ya pili, akaandika jina la wifi mtu na masomo yake yote. Ikabaki namba. Kwenye cheti cha mfano namba ilikuwa chini kulia, tarakimu sita, nyekundu. Alikoroga wino. Wa kwanza ulielekea kwenye rangi ya chungwa. Akaongeza tone la buluu, akakiinua kijiti cha kukorogea kwenye mwanga wa dirisha.

Nyekundu hii naijua, aliwaza.

Si kwenye cheti cha mfano. Aliiona mahali pengine, kwenye mikono yake, imelowa. Alifumba macho. Beseni. Vipande vinaelea. Vyote anavitupa kwenye blenda, isipokuwa kimoja, chembamba kama utepe, chenye wekundu mzuri mno kusagwa. Alikitoa kwa kibanio cha nyusi. Wateja walipenda kuona herufi na rangi zimenasa ndani ya karatasi, na yeye alikuwa na kawaida ya kuokoa vipande vizuri na kuvilaza juu ya uji kabla haujakauka. Kipande kile alikilaza wima. Akakifanya shina la ua.

Alitoka chumbani kijiti bado mkononi, kinadondosha wekundu sakafuni.

"Mama! Ile kadi niliyokupa ulipokuwa unaumwa mguu. Iko wapi?"

*

Mama alikuwa anatunga uzi. Aliutunga, ukakosa tundu, akautia mate, ukakosa tena.

"Kadi gani?"

"Ya ua. Ua jeupe, shina jekundu. Nilikuandikia pole."

"Nimeiweka."

"Wapi, mama? Shina lile ni namba. Ni namba ya cheti. Niliiona nzuri nikaiacha."

Wifi mtu aliruka kutoka kwenye kochi. Fundi umeme akaja kutoka uani na bisibisi yake. Wote watatu walikuwa wamesimama mbele ya cherehani, na mama alikuwa bado anahangaika na uzi, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Mama, sema basi!" wifi mtu alimhimiza. "Umeitupa?"

"Sikuitupa. Nitatupaje kitu cha zawadi?"

"Sasa?"

Mama aliweka sindano chini. Hakumtazama mtu. Alinyoosha kidole nyuma yake, chini.

Kabati la vyombo lilikuwa zito, urithi wa nyumba. Fundi umeme alilikumbatia ubavuni akaliinua kidogo, vikombe vikagongana. Msanii alilala kifudifudi, akaingiza mkono, akaivuta. Kadi ilikuwa imekunjwa mara mbili. Mguu wa kabati ulikuwa umeikanyaga wiki tatu.

Msanii aliifungua polepole. Ua lilikuwa limevunjika kwenye kunjo, na *Pole mama* imechakaa. Shina lilikuwapo. Tarakimu tano zilisomeka wazi. Ya sita ilikuwa imetoboka kabisa, imeliwa na msumari wa mguu wa kabati.

"Ilikuwa nene vizuri," mama alisema, kwa sauti ambayo hawakuizoea. "Karatasi za kawaida zinabonyea. Hii haikubonyea."

Fundi umeme alicheka ghafla, akashindwa kujizuia, akasema, "Mama umeisifu!" na wifi mtu naye akacheka huku anafuta machozi. Msanii hakucheka. Alikuwa anaitazama mama mkwe wake, na mama mkwe wake alikuwa anatazama pedali ya cherehani.

"Haya, basi," fundi umeme alisema. "Jaza hizo tano, ya mwisho bahatisha. Kesho apeleke. Tumeokoka."

Msanii alikunja kadi kwenye kunjo lile lile la zamani.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Hii namba ni ya kweli. Sitaiandika kwenye kitu cha uongo." Sauti yake ilikuwa ndogo kama kawaida, lakini safari hii haikujificha. "Kesho tutarudi kule. Nitasema mimi."

"Na wakikataa? Ijumaa ni keshokutwa! Wewe ndiye utakayelala vizuri, mwenzako atakosa kazi."

"Ni kweli." Alimgeukia wifi mtu, akaingia chumbani, akatoka na kile cheti kilichokamilika isipokuwa namba. Akampa mkononi. "Ni chako, wifi. Ukitaka nitakimalizia. Kosa ni langu, siwezi kukuchagulia."

Wifi mtu alikishika kwa ncha za vidole. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri kuliko kile alichokuwa nacho. Alikitazama muda mrefu, akaona jina lake, masomo yake, hata ile alama mbaya ya hesabu.

"Hesabu umeniachia D," alisema.

"Si ndiyo uliyopata?"

"Mtu unadanganya halafu unaniachia D!" Alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akakichana, mara moja, mara mbili, akakitia kwenye beseni uani. "Twende kesho. Liwalo na liwe."

*

Karani alikuwa yule yule. "Wale wa juisi!" alisema, na foleni ikageuka kutazama.

Msanii alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Akaipitisha kadi kwenye tundu. Akaeleza: beseni, blenda, kibanio cha nyusi, shina la ua, mguu wa kabati. Alieleza yote bila kusimama, kwa sababu alijua akisimama hataanza tena. Karani aliishika kadi, akaigeuza, akaipeleka kwenye taa. Aliikwaruza kidogo kwa ukucha.

"Kitu chenyewe ni cha kweli," alimwambia mwenzake wa meza ya pili. "Ona wino huu. Hii ni ya kwetu."

"Ya mwisho haipo."

"Ya mwisho iko kati ya sifuri na tisa. Mara kumi tu." Alimtazama wifi mtu. "Jina lako?"

Alikwenda kwenye rafu, akashusha kitabu kikubwa, akaanza kufunua. Namba ya sifuri ilikuwa ya mvulana. Moja, mtu mwingine. Mbili, mwingine. Kila jina alilolisoma kwa sauti, wifi mtu alimkamata Msanii mkono akambana. Kwenye saba, karani alisimamisha kidole. Akasoma jina, akasoma tena, akapiga kitabu kofi.

Cheti kipya kitachukua miezi, alisema, lakini barua ya uthibitisho yenye mhuri watapata leo, na hospitali huwa zinaipokea. Ila kuna fomu. Aliyeharibu cheti ajaze maelezo na sahihi.

Msanii alijaza. Jina. Kazi: mbunifu. Mstari uliofuata uliuliza kiwango cha elimu. Kalamu ilisita juu yake, na alijua kwamba karani anaitazama kwa juu. Akaandika, kwa mwandiko wake uliosifiwa: *darasa la tano.*

Karani aliisoma fomu. Akaiambatanisha na kadi, akapiga mhuri. "Hii kadi inabaki kwenye jalada," alisema. "Pole. Ilikuwa nzuri."

*

Ijumaa saa nne asubuhi wifi mtu alipiga simu kutoka hospitali. Walikuwa wamempokea. Ataanza Jumatatu. Fundi umeme alipiga mluzi mpaka jirani akauliza kuna nini.

Mchana Msanii alirudi kutoka dukani akamkuta mama mkwe sakafuni, miwani puani, katikati ya lundo la magazeti, risiti na barua za zamani. Alikuwa anazisoma moja moja, midomo inacheza, na kuzigawa kushoto na kulia.

"Hizi za kuloweka," mama alisema bila kuinua uso. "Hizi hapana. Nimezisoma zote mwenyewe."

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Mtu anayesoma na mtu anayetazama wakikaa nyumba moja, karatasi haitapotea." Aliinuka kwa kushika goti, akakaa kwenye cherehani. Akakanyaga pedali. Nyuma yake kabati likaanza kugongagonga na vikombe vikaimba. Aliacha.

"Linanisumbua hilo," alisema mwishowe, anatazama sindano. "Lakini sitaki kadi. Tafuta karatasi yoyote, iliyo nene. Isiyo na kazi."

Msanii alisimama kidogo. Kisha akaingia chumbani, akainua godoro, akaitoa ile karatasi yenye majani ya kijani. Alilisoma jina lake mara ya mwisho. Akaikunja mara mbili, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kiberiti, akalala kifudifudi akaisukuma chini ya mguu wa kabati.

"Jaribu, mama."

Mama alikanyaga pedali. Kitambaa kilipita chini ya sindano, na vikombe vikakaa kimya.

"Limetulia?" Msanii aliuliza, bado yuko chini.

"Limetulia, mwanangu," mama alisema. "Inuka ule."